Meza za chekechea nimezipeleka, malipo sijayaona

Mhariri,

Kila ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ikitoka, nyinyi wa magazeti hutuletea habari ileile kwa herufi kubwa: kaunti zinadaiwa mabilioni. Kwa miaka kadhaa mfululizo jumla hiyo imekuwa ikipita Sh160 bilioni, na picha inayoandamana na habari huwa ni ya tingatinga au ya hospitali iliyosimama ujenzi ikiwa haijaezekwa. Msomaji hubaki akidhani wanaoidai serikali ni matajiri watupu, watu ambao wakicheleweshewa mwaka mzima watauza lori moja maisha yaendelee. Naomba nafasi niwaonyeshe mdai wa aina nyingine. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Kisauni, jina la biashara limesajiliwa kwa jina langu peke yangu, na kaunti moja ya hapa Pwani imeshika Sh630,000 zangu.

Kaunti yenyewe siitaji. Aliyeshika pesa zako humwaibishi gazetini. Faili langu bado liko mezani kwao, na nimeona jinsi faili linavyoweza kutoka juu ya rundo likafika chini bila mtu yeyote kukiri kwamba amelishika.

Nilichowauzia ni meza na viti vya chekechea. Chini ya Katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti, kwa hivyo kaunti ndizo zinazonunua samani za watoto hao. Tangazo lilitaka meza 60 na viti 240. Kwa asiyeijua kazi hii, kiti cha mtoto wa miaka minne si kiti cha mtu mzima kilichokatwa miguu. Mahali pa kukalia huwa inchi kumi au kumi na mbili kutoka sakafuni. Mgongo lazima ulale kidogo, la sivyo mtoto anateleza mbele. Kila pembe inapigwa randa, kisha msasa mkali, kisha msasa laini, mpaka upitishe kiganja usisikie kitu. Na maungio yanataka ulimi unaoingia kwenye tundu, na gundi juu yake, kwa sababu mtoto hakikalii kiti tu. Anakipanda, anakiburura uwanjani, anakipindua akakifanya gari. Kiti cha misumari mitupu kinaanza kuyumba muhula wa kwanza haujaisha. Anayetengeneza analijua hilo. Anayesambaza tu halijui wala halimhusu, na kwenye karatasi za zabuni sisi wawili tunafanana.

Nasema hivyo kwa sababu kabla sijaomba zabuni kwa jina langu nilikuwa nikifanya kazi hizihizi kwa mlango wa nyuma. Mtu anaingia karakana na LPO mkononi, ile karatasi ya serikali ya kuagiza mzigo, amevaa viatu vinavyong'aa, hana hata tepu ya kupimia. Anauliza nitamtengenezea kiti kwa shilingi ngapi. Kwenye LPO yake kiti ni Sh1,500, mimi ananipa mia nane, na ananiomba nipunguze unene wa mbao ili naye apate kitu. Nimewatengenezea watu hao viti vingi sana. Jambo moja nitawasifia, na nalisema kwa dhati: nusu ya pesa walikuwa wakiniwekea mezani kabla sijawasha msumeno, na nusu nyingine walipokuja na lori kuchukua mzigo.

Wenye hekima wakaniambia, fundi, kwa nini umpe dalali faida yote? Omba mwenyewe. Serikali inatangaza zabuni waziwazi, Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi na wa ushindani, na sheria haisemi kwamba mtu mmoja hawezi kushindana na kampuni. Hayo yote ni kweli. Nikachukua kitabu cha zabuni.

Kitabu chenyewe ni kinene, na sehemu kubwa ni fomu za kuapa. Unaapa hujahonga mtu. Unaapa bei yako hukuipanga na washindani wako. Unaapa hujawahi kupigwa marufuku kufanya biashara na serikali. Viapo vingine vinataka muhuri wa wakili, na muhuri haugongwi bure. Halafu kuna lile dodoso la siri la biashara, lenye sehemu tatu: moja ya mmiliki pekee, moja ya ubia, moja ya kampuni. Wenye kampuni wanaandika hisa, wakurugenzi, mtaji. Mmiliki pekee anaulizwa jina lake kamili, umri wake na uraia wake, basi. Nikajaza jina, nikaandika miaka 44, nikaandika Mkenya. Nilipokuwa nikijaza mistari ile sikuwa nimewaza maana yake, kwamba anayeingia kwenye mkataba ni mwili wangu huu huu na kila kinachoitwa changu.

Palipotaka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, nilisimama. Hesabu zangu zimo kwenye daftari la kurasa mia mbili lenye alama za gundi. Ilibidi nimlipe mhasibu azipange, na kwa ada aliyonitoza ningenunua mashine nzuri ya kutobolea. Palipotaka uthibitisho wa kazi za namna hiyo zilizowahi kufanywa nilisimama tena, na hapa nilicheka peke yangu. Viti vyangu vimejaa kwenye chekechea za umma za Pwani. Vikae upande upande mbele yangu nitavitambua kwa jinsi nilivyokata ulimi wa mguu wa nyuma. Lakini LPO za viti hivyo zina majina ya wale mabwana wenye viatu vinavyong'aa. Kwa mujibu wa karatasi, wao ndio wenye uzoefu wa useremala, na mimi sijawahi kumtengenezea serikali hata kigoda. Niliokolewa na barua za shule za watu binafsi na za mwalimu mmoja wa madrasa niliyemtengenezea vibao vya kuwekea msahafu.

Kisha namba za kurasa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka zabuni iwe na kurasa zilizofuatanishwa kwa namba, tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenzangu anayefanya kazi ya vyuma aliondolewa hatua ya mwanzo kabisa, hata bei yake haikuangaliwa, kwa sababu cheti chake kimoja kilikuwa na maandishi nyuma na upande ule wa nyuma hakuutia namba. Kwa hivyo mimi na binti yangu tulikaa sakafuni sebuleni, yeye anafunua na kutaja, mimi naandika, mbele na nyuma, pamoja na kurasa tupu. Nikiwa na ofisi ningekuwa na karani wa kazi hiyo. Biashara ya mtu mmoja, karani ni wewe, dereva ni wewe, mlinzi ni wewe, na siku unayokwenda kutafuta muhuri wa wakili karakana imefungwa.

Najua msomaji atauliza kuhusu mpango wa AGPO. Tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wao hawatakiwi kuweka dhamana ya zabuni. Wanajaza tamko tu. Siupingi mpango huo. Kuna mjane mmoja mtaani kwetu anayepelekea vyakula chuo kimoja kwa cheti cha AGPO na anasomesha watoto kwa kazi hiyo. Ila mimi nimeshapita miaka 35, mwanamke siye, na viungo vyangu vyote ni vizima isipokuwa ncha ya kidole kimoja ambayo msumeno uliichukua na ambayo haihesabiki. Rafiki akanishauri, kama wengi wanavyofanya, nisajili biashara kwa jina la mke wangu. Nikampelekea hoja hiyo nyumbani jioni.

"Baba Zuhura," akaniambia, "nikiulizwa randa ni nini nitajibu nini?"

"Hakuna atakayekuuliza."

"Basi," akasema, "ubaya uko hapo hapo."

Tukaomba kwa jina langu, zabuni ya wazi, pamoja na wakubwa. Siku ya ufunguzi bei zilisomwa mbele yetu sote, kama sheria inavyotaka, na yangu ilikuwa chini ya nyingi. Nilikuwa sina dalali wa kumlisha. Nikashinda. Naandika hili makusudi ili mtu asidhani nalalamikia kunyimwa. Sikunyimwa, sikuombwa kitu kidogo, na kamati iliyonipa kazi naishukuru mpaka leo. Kwa upande wa kuomba na kupata, mtu mmoja anaweza, hata kama inachosha. Balaa linaanza ukishapata.

LPO haikati mbao. Mwenye duka la mbao alitaka taslimu kwa sababu, alivyoniambia bila kunificha, LPO za kaunti anazo nyingi za watu aliowakopesha, zimegeuka manjano kwenye droo. Benki zinatangaza kukopesha kwa LPO, lakini nilipofika dirishani LPO peke yake haikutosha. Walitaka hati ya kiwanja. Nikawapa hati ya kiwanja nilichonunua kwa miaka ya jasho, wakanikopesha Sh350,000. Nikanunua saiprasi iliyokauka vizuri, maana mbao mbichi ukiifanya meza leo, ikifika kaskazi imepinda. Nikaajiri vijana wawili wa mtaani, nikawafundisha kupiga msasa, na kwa muda fulani karakana ile ilipendeza. Meza zimepangwa mpaka kwenye baraza, vanishi inanukia hadi barabarani, watoto wakitoka madrasa wanakuja kujaribu kukaa, nawafukuza, wanarudi.

Mzigo niliupeleka mwezi wa Mei, ndani ya muda. Ilikuja kamati ya ukaguzi na upokeaji. Mmoja wao, mtu mwenye kifua, alikivuta kiti kimoja akakikalia, magoti yakamfika kidevuni. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto. Kiti hakikutoa sauti. Wenzake wakacheka, akainuka akasema, "Fundi, hiki kazi." Wakahesabu, wakatia sahihi. Nikatoa ankara ya eTIMS, ule mfumo wa mamlaka ya kodi, nikaiambatanisha na LPO na hati ya upokeaji, nikakabidhi idara ya fedha, wakanigongea muhuri wa tarehe kwenye nakala yangu. Hicho ndicho kitu cha mwisho walichonipa.

Juni nikaambiwa pesa za robo ya mwisho hazijafika kutoka Hazina ya Kitaifa, nivute subira. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ukafungwa, na mfumo wa malipo wa IFMIS ukafungwa nao. Mwaka mpya ulipoanza, ankara yangu haikuwa ankara tena, ilikuwa imeitwa bili iliyobaki, na bili iliyobaki inatakiwa kuhakikiwa upya. Kuhakikiwa nini? Waliohesabu viti ni wao, waliotia sahihi ni wao. Kisha bajeti mpya ilikuwa haijapitishwa. Kisha afisa aliyekuwa na faili amehamishiwa idara nyingine. Siku moja bwana mmoja pale ofisini, mtu wa heshima na anayejitahidi kusaidia, akanifariji: "Fundi, usijione, hauko peke yako." Nikamjibu kwamba ugonjwa wangu ndio huo, niko peke yangu.

Wengi hawalielewi hili, hata maafisa wa ununuzi niliozungumza nao. Kampuni ikikwama, kuna ukuta kati ya kampuni na sebule ya mwenye kampuni. Kwangu ukuta huo haupo. Kisheria mimi na biashara yangu ni mtu mmoja. Deni la mbao ni deni langu, mkopo wa benki ni wangu, na akija dalali wa mnada hatauliza kipi ni cha karakana na kipi ni cha nyumbani. Mashine ya randa, kitanda, friji, kiwanja, vyote viko kwenye orodha moja. Benki imeshaniandikia barua kuhusu kile kiwanja, na siilaumu. Nilikopa, nilitia sahihi. Dawa ya deni ni kulipa, na mimi nakunywa yangu kidogo kidogo kwa kutengeneza vitanda vya watu.

Sasa geuza upande wa pili. Nina mpwa wangu, karani kwenye ofisi ya wakili. Nikamuuliza, kwa deni la chini ya milioni moja si kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60? Akasema ipo. Nikamwonyesha makaratasi yangu. Akayasoma yote, akayapanga vizuri, akanirudishia.

"Mjomba, kesi hii utashinda."

"Alhamdulillahi."

"Halafu ukishashinda?"

Akanieleza kwamba Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali, kifungu cha 21, hairuhusu kukamata mali ya serikali kwa sababu ya deni, na kinga hiyo inazifunika kaunti pia. Huwezi kupeleka dalali akachukua gari la kaunti. Ukishinda na wasilipe, unakwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika alipe, na hapo unahitaji wakili, na wakili hafanyi kazi kwa LPO. Kwa hivyo benki inaweza kuuza kiwanja changu kwa sababu kaunti haikunilipa, lakini mimi siwezi kugusa hata kiti kimoja kati ya vile 240, ambavyo mbao zake nilizinunua kwa mkopo wa kiwanja hichohicho. Naelewa kwa nini sheria hiyo ipo. Hakuna anayetaka gari la wagonjwa lipigwe mnada. Lakini sheria inayomlinda mdaiwa kiasi hicho ilipaswa kumbana mahali pengine, ama sivyo mwenye nguvu hatalipa mpaka apende.

Na mibano hiyo ipo, kwa maandishi. Sheria hiyohiyo ya ununuzi ya 2015, kifungu cha 53, inamkataza afisa mhasibu kuanza ununuzi wowote kabla hajaridhika kwamba pesa za kulipia zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Maana yake, siku waliponipa LPO, Sh630,000 zilikuwa zimeandikwa mahali kwa ajili ya viti hivyo. Zilikwenda wapi kati ya Mei na Julai? Kifungu cha 140 kinasema anayechelewesha malipo atalipa riba. Ninamtafuta fundi yeyote kati ya Vanga na Kiunga aliyewahi kulipwa riba hiyo, nimpe mkono. Mwenyewe sijaiomba. Nani atadai riba na hata mtaji hajaupata?

Kuna jirani yangu anayeuza vifaa vya ofisi, naye biashara ni yake peke yake, ila mauzo yake kwa mwaka yanapita Sh5 milioni kwa hivyo amesajiliwa kwa VAT, ushuru wa thamani iliyoongezwa. Yake ni mbaya kuliko yangu. VAT inahesabika tangu ankara inapotoka au mzigo unapopokelewa, si siku pesa zinapoingia. Alipeleka karatasi na wino wa printa, akatoa ankara, na tarehe 20 ya mwezi uliofuata ilitakiwa asilimia 16 ya pesa ambazo hajaziona. Mwezi wa kwanza akalipa kutoka mfukoni. Alipozidiwa akaacha, deni la ushuru likaanza kuzaa. Na bila cheti cha kutimiza masharti ya kodi huwezi kuomba zabuni ya serikali. Basi serikali ya kaunti haijamlipa, kwa hivyo hajailipa serikali ya kitaifa, kwa hivyo haruhusiwi kuiuzia serikali yoyote. Alinieleza mzunguko huo tukiwa tumekaa nje ya duka lake, anauchora kwa kidole juu ya vumbi la meza, akarudi mwanzo, akaufuta.

Wapo watakaosema dawa ni kusajili kampuni. Nimeulizia. Kampuni inataka taarifa zake za kila mwaka, makaratasi yake, mhasibu wake, na benki haizuiliwi na ukuta ule niliousema. Mkurugenzi wa kampuni ya mtu mmoja atatakiwa adhamini mkopo kwa hati ileile ya kiwanja kilekile. Wengine wananiambia nisiwauzie tena serikali, niuze vitanda na makabati kwa watu binafsi. Huo ni ushauri wa busara kwa tumbo langu. Lakini mnunuzi mkubwa kuliko wote hapa Pwani ni serikali, na sisi wenye karakana tukijiondoa watakaobaki ni wale wa viatu vinavyong'aa. Wao wanaweza kungoja. Wana majina ya biashara matano, hili likikwama lile linalipwa, na hasara ya kungoja wanaitia kwenye bei ya zabuni inayofuata. Ndiyo maana kiti cha mia nane kinauziwa watoto kwa 1,500, na kiti chenyewe kinayumba.

Mwaka 2025 Hazina ya Kitaifa ilisukuma zabuni zote ziingie kwenye mtandao wa e-GP, na mvutano wake na magavana ukafika mahakamani. Mimi kwa upande wangu sina ugomvi na mtandao. Ukiniondolea kazi ya kuandika namba nyuma ya kurasa tupu, nitaushangilia. Ila nione kwanza kama utamlipa mtu, maana kuomba kazi kwa kompyuta halafu kungojea pesa barazani ni safari ileile.

Ninachoomba si kikubwa. Kaunti zilipe bili ndogo kwanza, zile za chini ya Sh1 milioni, kwa kufuata tarehe ya muhuri wa kupokelewa. Sh100 milioni ambazo mkandarasi mmoja anadai zinatosha kuwalipa watu kama mimi zaidi ya 150, na mkandarasi yule akingoja miezi mitatu zaidi hatauziwa kitanda. Orodha ya wadai ibandikwe hadharani kila mwezi, yenye namba ya ankara, tarehe na kiasi, ili mtu ajue yuko wa ngapi na aone akirukwa. Sasa hivi anayejua foleni ni aliye ndani tu, na hapo ndipo simu za usiku zinapoanzia. Na mtu mwenye ankara iliyopokelewa na kugongwa muhuri na ofisi ya umma asinyimwe cheti cha kodi kwa deni linalotokana na ankara hiyohiyo. Serikali hizi mbili zidaiane zenyewe.

Hata nikifa, Mhariri, deni hili halina wa kulifuatilia ila watoto wangu. Kampuni haifi na mkurugenzi wake. Mimi nikifa, mkataba umefika mwisho, na wajane na mayatima wataanzia kwa Kadhi kutafuta hati ya mirathi, kisha ndipo wapande ngazi zile ninazopanda mimi, wakiulizwa viti gani.

Mswada wa kuzilazimisha serikali kulipa kwa wakati umewahi kufikishwa Seneti zaidi ya mara moja. Maseneta wetu wa Pwani watuambie umekwama wapi, na kama safari hii watautetea. Kamati yoyote ikitaka ushahidi, ninayo LPO, hati ya upokeaji yenye sahihi zote, na nakala ya ankara yenye muhuri. Karakana hufunguliwa saa mbili asubuhi, isipokuwa Ijumaa mchana.

Seremala,
Kisauni, Mombasa